Barua ya wazi kwa vijana wangu wa ndondo

Wanangu,

Jumapili iliyopita nilihesabu chupa kumi na tisa za enaji, hivi vinywaji vya kuongeza nguvu, pembeni ya uwanja, na mpira ulikuwa haujaanza. Maji yalikuwa dumu moja tu, hata nusu halikufika. Ndiyo maana naandika, tena hadharani, ili na wadogo zenu wanaowaiga wasome.

Sisemi kinywaji kile hakifanyi kazi. Kafeini iliyomo humchelewesha mchezaji kuhisi uchovu na humchangamsha akili. Zamani ikizidi kiwango fulani kwenye mkojo wa mwanamichezo ilikuwa kosa, hadi ilipoondolewa kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa mwaka 2004. Lakini jueni inavyofanya. Kadiri unavyokaa macho, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na hiyo ndiyo hukuambia upumzike. Kafeini huja ikakalia kiti chake. Uchovu uko palepale, ila umezibwa mdomo.

Winga wetu msimu uliopita alikunywa chupa tatu kwa mpigo, tumbo tupu, jua la saa tisa. Dakika ya ishirini akakaa chini, mikono inatetemeka, akatapika. Nilimpeleka kivulini nikamwekea mkono kifuani, na moyo wake ulikuwa ukigonga kama unataka kutoka. Mkono ule sikuuondoa mpaka alipotulia. Leo hii ningemkimbiza hospitali moja kwa moja, na nanyi mkiona mwenzenu yuko hivyo msisubiri.

Kopo la Red Bull la mililita 250 lina kafeini miligramu 80 na sukari gramu 27 hivi. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipendekeza kijana asizidishe miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 50 basi mwisho wake ni 150, na makopo mawili yameshavuka. Someni lebo za hizi chupa zetu, kisha mpige hesabu wenyewe.

Ninyi wa kidato cha nne ndio mnaonikosesha raha zaidi. Baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini bado imo mwilini. Ukinywa saa kumi na mbili jioni ili ukeshe na daftari, saa tano usiku nusu yake inakunyima usingizi, na ni usingizini ubongo unapoyashika uliyoyasoma. Mnakesha, halafu kwenye mtihani mnatazama swali mlilolisoma juzi kama geni.

Na wanaochanganya na pombe kali, naomba mwache kabisa. Unajiona mzima, kumbe umelewa, na pikipiki unaiwasha.

Jumapili ijayo nitaleta madumu matatu ya maji na mkungu wa ndizi mbivu. Aliyeendesha boda usiku kucha aje aniambie kabla hatujapanga kikosi. Nitampumzisha, na namba yake sitampa mtu.

Kocha wenu