Mama Tumaini, hilo la mkopo siwezi kukuamulia

Kamwene Mama Tumaini,

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma, nikaona hii siijibu kwa vimaneno viwili, acha nikae niandike vizuri, mvua hapa sokoni Mwanjelwa imeshawafukuza wateja wote. Umeniambia mambo mawili. La kwanza kila mtu kaandikiwa lake na wewe umeandikiwa shida. La pili unataka nikuamulie kama uchukue huo mkopo mwingine ulipie ule wa kwanza au uache. Dada yangu, kwangu mi hayo mawili ni jambo moja, ndo maana yameniuma.

Naanza na yale ambayo sio yako, maana sitaki usome hapa ukadhani nakulaumu tu. Bei ya nyanya huipangi wewe. Ilula nzima ikivuna kwa pamoja tenga linashuka mpaka mtu anaona bora zimuozee shambani, na hilo linakupata hata uwe na akili kiasi gani. Kantangaze hukumleta wewe, yule mdudu kaingia nchini 2014 na toka hapo hakuna mkulima wa nyanya asiyemjua. Baba Tumaini kuondoka hukuchagua. Na tusidanganyane kwamba wote tunaanzia sehemu moja, kuna mtu anaanza biashara kwa hela ya shamba la mzee wake na kuna mtu anaanza kwa kuuza vitenge vyake. Wale wanaosema maskini kajitakia wananikera sana kwa kweli, hawajawahi kukaa na matenga barabarani jua linawaka wanamsubiri dalali ataje bei anayotaka yeye.

Lakini humo humo katikati kuna sehemu ulibaki peke yako na uamuzi ni wako. Ule mkopo wa kwanza. Uliomba 300,000, wakakata cha fomu sijui cha nini ukapewa mkononi 280,000, afu ukaambiwa urejeshe 15,000 kila siku kwa siku 26. Piga hesabu mama, hiyo ni 390,000, yaani unalipa 110,000 juu kwa hela ambayo hata mwezi hukai nayo! Ndo maana watu wanaiita kausha damu. Na hayo yote yalikuwa kwenye karatasi kabla hujasaini. Sasa unaniambia ni mkono wa mtu, jirani kaona unaendelea kakufunga. Mama Tumaini, jirani hakuishika ile kalamu.

Najua maneno haya ni makali ila nisikilize, kuna kitu nakiona wewe hukioni. Ukisema yote yameandikwa unajinyima hata yale mazuri yako. Vile vyumba viwili ulivyopandisha kwa hela ya vitunguu, mbona hukusema vimeandikwa? Tumaini kumaliza form four ulikuwa unaamka saa 10 usiku unapanga mzigo barabarani mabasi yasikupite, nani alikuamulia kuamka? Ni wewe. Mi siwezi kukubali mtu akunyang'anye hilo, hata huyo mtu akiwa ni wewe mwenyewe.

Mungu kapanga, sibishi, naamini hivyo na nitakufa naamini. Ila sijawahi kuona mahali Mungu kapanga mtu asisome mkataba.

Kujiajiri ndo kuko hivyo, hakuna bosi wa kukuangalia. Huku kwenye mchele mteja anakuja anataka wa Kyela, anausifia harufu, na hawezi kujua kama umechanganyiwa na wa sehemu nyingine mpaka afike nyumbani apike. Wapo wanaochanganya na wanauza sana. Mi kila asubuhi nikifungua magunia nachagua tena, wa Kyela unakaa peke yake, wa Mbarali peke yake na bei yake, na anayeuliza namwambia huu ni wa Mbarali huu ni wa Kyela. Siku nyingine inaniuma maana jirani wa meza ya pili anamaliza gunia mi bado nusu, lakini hakuna aliyenilazimisha na sitaki kumlalamikia mtu.

Na daftari la mauzo, nakuomba sana uandike. Kwenye vile viwango vya kodi vya TRA vya 2019 mwenye mauzo kati ya milioni 4 na 7 kwa mwaka asipokuwa na kumbukumbu ni 100,000, akiwa nazo analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kwahiyo ukiuza milioni 5 na umeandika vizuri ni 30,000. Elfu 70 nzima kwa daftari la buku!

Kuhusu huo mkopo mpya. Sheria ya hawa wakopeshaji wadogo ipo toka 2018, wanatakiwa wawe na leseni ya Benki Kuu (BoT), waombe wakuoneshe. Afu nenda kwa afisa maendeleo ya jamii hapo Kilolo uulize ile mikopo ya vikundi ya asilimia 10 ya halmashauri, wanawake wana 4 humo na haina riba. Ulisema mambo ya kikundi na katiba yanachosha, ni kweli yanachosha, ila kuchoka mwezi mmoja sio sawa na kukimbizwa na watu wa marejesho mpaka uvunguni. Na huyu mkopeshaji wa kwanza mfuate uongee naye kabla hajakufuata yeye, mwombe akupunguzie rejesho la siku, wengine wanakubali.

Lakini kusema chukua au acha sisemi. Nikikuamulia na ikaenda vibaya utasema Mama Eliza ndo kaniponza, ikienda vizuri utasema bahati, na wewe mwenyewe utakuwa hujafanya chochote. Ukikaa ukapiga hesabu ukaona bado unachukua, chukua, mi ni rafiki yako vile vile na hutasikia nakusema popote.

Nafunga saa 12. Nipigie baada ya hapo uniambie umeamua nini, na nisomee hizo namba moja moja kutoka kwenye karatasi yao.

Wako,
Mama Eliza