Barua ya wazi kwa Waziri wa Huduma kwa Wenyeji Asilia, Ottawa: kifungu cha 6(2) kiondolewe

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kuhusu kifungu kimoja cha Sheria ya Wahindi (Indian Act), sheria ya 1876 ambayo hadi leo Kanada haijaibadilisha hata jina: "Wahindi" hapa ni jina la kikoloni la Mataifa ya Kwanza, wenyeji asilia wa Kanada.

Serikali huwasajili watu wa Mataifa ya Kwanza na kuwapa hadhi ya kisheria, chini ya kifungu cha 6(1) au 6(2). Mzazi aliyesajiliwa chini ya 6(1) akizaa na mtu asiyesajiliwa, mtoto huandikwa 6(2). Mtoto huyo naye akizaa na asiyesajiliwa, mjukuu hapati kitu. Hata kama kazaliwa kwenye ardhi ya taifa lake, kalelewa na bibi yake na anaongea lugha yao, daftari la wizara halimtambui. Binamu yake, ambaye wazazi wake wote wawili ni 6(2), huandikwa 6(1). Bibi ni yuleyule.

Asiye na hadhi hapati dawa, miwani wala matibabu ya meno ambayo serikali ya shirikisho huwalipia wenye hadhi. Na pale ambapo orodha ya wanachama wa taifa inatunzwa na wizara yako, hawezi kurithi kiwanja cha babu yake kwenye ardhi ya taifa. Kweli, tangu 1985 taifa linaweza kujitungia kanuni za uanachama na kumpokea mtoto huyu. Lakini hadhi hutolewa na Msajili wa serikali peke yake.

Mwaka huohuo wa 1985 ndipo ukomo huu ulipoingizwa, katika marekebisho yaliyokuja kuwarudishia hadhi wanawake waliofutwa kwa kuolewa na wasiosajiliwa. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imempa haki Sandra Lovelace, mmoja wa wanawake hao, katika malalamiko yake dhidi ya Kanada mwaka 1981. Viraka vilivyotiwa kwenye sheria mwaka 2011, 2017 na 2019 viliwahamishia wengi 6(1), lakini 6(2) yenyewe haikuguswa: siku ya kukatwa ilisogezwa tu kizazi kimoja mbele.

Kwa uraia wa Kanada, mzazi mmoja raia aliyezaliwa nchini anatosha, hata mtoto akizaliwa ng'ambo. Kwa nini Mataifa ya Kwanza yadaiwe wazazi wawili? Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili, ambalo Bunge lenu liliahidi kulitekeleza kwa sheria ya 2021, linasema katika ibara ya 33 kwamba watu wa asili ndio wanaoamua nani ni wao.

Tunaomba mzazi mmoja aliyesajiliwa atoshe, kuanzia 17 Aprili 1985, siku ukomo huu ulipoanza kutumika. Waliokataliwa wasiambiwe waombe upya. Majalada ya wazazi wao yako mikononi mwa Msajili, ayafungue mwenyewe. Na bajeti ya nyumba na afya ipande pamoja na daftari. Baada ya 1985 watu walirudishiwa hadhi, wakafika kwao wakakuta hakuna nyumba.