Mpwa wangu, nyumba ya milioni 42 ina nini?

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Picha ulizonitumia Ijumaa nimezitazama zaidi ya mara moja, na ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, pamoja na pale uliposema kwamba dalali amekupa siku nne tu kwa sababu kuna mama mmoja wa Kariakoo anaitaka nyumba hiyo hiyo. Vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani na uzio, Tabata, kwa shilingi milioni 42, ilhali ukipanda juu kidogo katika mtaa huo huo watu wanauza nyumba za namna hiyo kwa mara mbili ya bei hiyo na hawana haraka yoyote. Nimeamua kukujibu hadharani, bila kukutaja jina, kwa kuwa mwezi huu wewe ni kijana wa tatu kuniuliza jambo hili, na wote watatu mmeanza kwa maneno yale yale: "Mjomba, ni bahati."

Huenda ni bahati. Sikatai kwamba nyumba nzuri huuzwa kwa bei ya chini, kwani nimewaona watu wakiuza ili kumpeleka mgonjwa India, na nimewaona ndugu wakiuza upesi ili wagawane kabla hawajagombana. Lakini muuzaji wa aina hiyo huwa na sababu moja, huitaja bila kuzungushwa, na ukiifuatilia unaikuta palepale alipokuambia. Dalali wako amekupa sababu tatu kwa siku tatu: kwanza mwenye nyumba anasafiri, kisha anadaiwa, kisha anataka kumalizia pagale lake la Kibaha. Hapo ndipo niliposhika funguo za gari.

Jumapili mchana nilikwenda mwenyewe, nikajitambulisha kwa dalali kama mnunuzi mwingine, naye akanionyesha nyumba kwa bashasha. (Usimkasirikie; na mimi nilipewa siku nne.) Nyumba ni safi, hilo umesema kweli. Kuta za ndani zimepakwa rangi mpya ya mafuta kutoka sakafuni hadi kiunoni, na juu yake imeachwa rangi ya zamani ya maji. Peke yake hilo si kosa, maana wenye watoto wengi hufanya hivyo ili kufuta alama za mikono. Kilichonisimamisha ni soketi za umeme. Katika vyumba vyote vitatu zimefungwa usawa wa kifua changu, na mahali zilipokuwa mwanzo, karibu na sakafu, pamezibwa kwa plasta ambayo bado haijashika rangi ya ukuta. Hakuna fundi umeme anayepandisha soketi kiasi hicho kwa kupenda. Nilipotoka nyuma nikaona mfuniko wa karo umeinuliwa kwa kozi tatu za tofali, na kwenye nyavu za uzio, juu kidogo ya goti, kumeshikana nyuzi za viroba na makuti makavu yote yakielekea upande mmoja, kama nywele zilizochanwa.

Kisha nikaenda kununua maji kwa jirani. Friji lake limekaa juu ya tofali nne. Nilimuuliza kuhusu friji wala si kuhusu nyumba, naye akajibu bila kuficha kitu kwamba masika huhamia kwa dada yake Ukonga na vuli hutegemea mwaka wenyewe. Dalali alikuwa hatua chache kutoka pale, akiangalia simu yake.

Jambo la mwisho nililofanya lilinigharimu shilingi 10,000. Nilichukua namba ya mita ya Luku nikanunua umeme kwa simu. Unajua kwamba tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia Luku, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Nyumba isiponunuliwa umeme, kodi hiyo hujilimbikiza na kukatwa kwa mpigo. Katika shilingi 10,000 zangu zilikatwa 7,500, yaani miezi mitano. Tupo Septemba. Hesabu kurudi nyuma, utafika Aprili, katikati ya masika, na utajua mwenye nyumba "anayesafiri" aliondoka lini.

Nyumba ile huingiwa na maji, kwa kuwa imo katika bonde la Mto Msimbazi, unaoteremka kutoka vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, Tabata na Kigogo hadi Jangwani na baharini pale Salender. Mafuriko ya Desemba 2011 wewe ulikuwa mdogo, lakini bomoabomoa ya nyumba za bondeni ya Desemba 2015 lazima unaikumbuka, kwa kuwa zile alama za X nyekundu kwenye kuta zilikuwa katika kila taarifa ya habari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kutoka ukingoni hadi ukuta wa nyuma wa nyumba ile nimehesabu hatua 53, na hatua yangu, kwa magoti haya, haifiki mita moja. Tena mto huo kila mwaka unakula ukingo wake, kwa hiyo hata nyumba iliyokuwa mbali wakati inajengwa inaweza kujikuta ndani ya mita hizo bila mwenyewe kuhama hata inchi.

Dalali alipoona nimekunja uso alinivuta pembeni na kuninong'oneza kwamba mradi wa Bonde la Msimbazi unalipa watu fidia, na kwamba mwenye akili hununua sasa ili alipwe baadaye. Ni kweli kwamba mradi huo upo na kwamba kuna waliolipwa na kuhama. Lakini fidia hulipwa kwa waliothaminiwa na kuandikwa, katika eneo lililopangwa, wala haimfuati kila anayefika na pesa mkononi baada ya wathamini kuondoka. Kama nyumba ile ingekuwa na fidia njiani, mwenyewe angekaa nayo aisubiri.

Sasa nakuja kwenye karatasi, na hapa nitakuomba uvumilie urefu wa maneno yangu, kwa kuwa maji umeyaona kwa macho yangu, lakini karatasi ndizo zilizoniunguza mimi mwenyewe. Ulichoonyeshwa ni nakala ya leseni ya makazi iliyokwisha muda wake, yenye jina la marehemu baba wa muuzaji. Leseni ya makazi si hati miliki. Ardhi yote ya Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Tunachouziana sisi ni haki ya kuimiliki kwa muda, na hati miliki huitoa haki hiyo kwa miaka 33, 66 au 99, wakati leseni ni ya miaka michache na inapaswa kuhuishwa. Leseni ni halali na watu wengi wa Dar es Salaam wanaishi nayo kwa amani, lakini iwe hai, na jina lililomo liwe la mtu anayekuuzia. Marehemu hauzi nyumba. Anayeweza kuuza kwa niaba yake ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, akiwa na karatasi ya uteuzi, na warithi wakijua. Dalali anasema mtakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, atapiga mhuri, na kazi imekwisha. Mhuri ule unashuhudia kwamba watu wawili walikutana siku fulani wakapeana fedha. Haumfanyi asiye na haki ya kuuza awe nayo.

Mwaka 2007 nilinunua pagale Mbagala kutoka kwa kijana mmoja mpole, mtoto wa kwanza wa marehemu mama mwenye nyumba. Tulikwenda serikali ya mtaa, tukapigiwa mhuri, mashahidi wanne wakatia saini, tukanywa soda. Niliezeka, nikapiga plasta, nikaweka milango, nikahamia. Baada ya miaka miwili na nusu, asubuhi moja, mwanamke amevaa baibui alibisha hodi na begi la safari mkononi, akasalimia vizuri, kisha akaomba aonyeshwe chumba cha nyuma kwa sababu ndicho alichokuwa akilala na mama yake. Alikuwa mdogo wake yule kijana, amerudi kutoka Muscat alikokuwa akifanya kazi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nyumba imeuzwa. Mimi nilidhani kwa kuwa miaka imepita jambo limekufa, mpaka wakili aliponieleza kwamba madai ya kurudishiwa ardhi yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 12. Tulikaa na shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba kwa miaka minne. Mwishoni tulipatana nje, nikamlipa sehemu yake, kwa bei ya nyumba iliyokwisha ezekwa kwa mabati yangu. Yule dada hakuwa mbaya hata siku moja. Kila Idi bado tunapeana salamu.

Ndiyo maana nilimuuliza dalali wako marehemu aliacha watoto wangapi, na jibu lake, "wapo wapo", nimeliandika pembeni ya daftari. Na hata muuzaji akiwa ndiye mmiliki halisi, uliza kama ana mke, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Saini ya mke iwepo, na mke mwenyewe umwone kwa macho. Ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya bei, ni wako wewe mnunuzi. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya kuuza, ni ya muuzaji, na asikwambie mtu mgawane.

Turudi kwenye mfuko wako. Ulinieleza kwamba una akiba ya milioni 30, kazini watakukopesha 9 kupitia SACCOS, na mama yako ataongeza 3 za kikoba. Jumla yake ni 42 kamili. Yaani siku utakayokabidhiwa funguo hutakuwa na hata ya kubadilisha kitasa, wakati nyumba yenyewe inadai ukuta wa kuzuia maji, leseni mpya na wakili. Watu husema kijana ana nafasi ya kukosea kwa sababu umri bado upo. Katika mambo mengi ninakubali, lakini milioni 30 hizo umezikusanya kwa miaka mitano, ukilala chumba kimoja Buguruni na kula ubwabwa wa maharage jioni, na ukizizamisha bondeni hutazikusanya tena kwa miaka mitano, maana kufikia wakati huo utakuwa na mke na ada za shule.

Kuna ile nyumba ya Chanika uliyoikataa mwezi Julai, nami nilinyamaza kwa kuwa hukuniomba ushauri. Uliikataa kwa sababu haina dari, choo kipo nje, sakafu ni zege tupu na bati linavuja pale kenchi zinapokutana. Wanataka milioni 31. Mimi niliiona ile nyumba. Kiwanja kimepimwa, bikoni zote nne, yaani alama za mipaka, zinaonekana, moja watoto wanaikalia wakicheza bao, na hati ina jina la yule mzee aliyetupokea. Nilipojaribu kupunguza bei, mke wake alitoka jikoni na kijiko mkononi akasema haishuki hata senti, wala hakuna atakayesaini bila yeye. Nilifurahi kumsikia. Sababu ya bei kuwa ndogo uliijua tangu unapanda daladala ya pili Gongo la Mboto: ni mbali, utaamka saa kumi na nusu alfajiri, na utarudi umechoka. Huo ni mzigo wa kweli na sitaudharau, kwa kuwa si mimi nitakayeubeba. Lakini bati linalovuja unalibadilisha kwa mshahara wa miezi miwili, na choo unakijenga ndani ukipata nafasi, ilhali mto huuhamishi na mrithi aliyeko Muscat humfuti.

Hata hivyo hata ile usiilipie kwa maneno yangu. Kafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kama haina rehani wala zuio, mlipe mpima ardhi mmoja ahakikishe bikoni hazikuhamishwa, na fedha zipite benki hadi kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye hati, si mkononi mwa dalali. Ukiona umbali unakushinda, endelea kupanga Buguruni mwaka mwingine. Hakuna atakayekucheka, na akicheka usimjali.

Siku nne za dalali zinaisha kesho. Mwambie dalali kwamba mama wa Kariakoo amekutangulia. Vuli ikianza, Jumamosi ya kwanza yenye mvua kubwa, nipigie nije nikuchukue tukaitazame Tabata pamoja tukiwa upande wa juu wa barabara, nawe uje na viatu vya mpira. Na mama yako mwambie zile milioni 3 aziache kwenye kikoba; nimekwisha kumpigia, lakini anataka alisikie kutoka kwako.

Mjomba wako