Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Injini

Wanachama wenzangu, hamjambo. Yale ya kawaida napita mbio maana mnayajua: mikutano 9, mabawa ya RV-6, hii ndege ndogo tunayoiunda wenyewe, yameisha kupigwa riveti, tangi za mafuta tumezijaribu hazivuji, paa la karakana limezibwa.

Sasa injini. Kuna maneno eti mwenyekiti alijiamulia kununua Lycoming O-320, injini ya ndege iliyotumika, badala ya injini ya gari ya Subaru ya bei nafuu pale Kirinyaga Road. Jamani! Subaru naiheshimu, ndiyo naendesha, lakini nguvu yake iko kwenye mizunguko ya juu, na propela ukiizungusha mara 5,000 kwa dakika ncha zake zinapita kasi ya sauti, kwa hivyo lazima utie giaboksi ya kupunguza, halafu rejeta, na maji, vyote hivyo ni uzito na vinaweza kukuharibikia ukiwa angani. Lycoming inazungusha propela moja kwa moja kwa 2,700, inapozwa na upepo, ina magneto mbili zinazotoa cheche zenyewe, betri ikifa inaendelea kunguruma. Logibuku yake, daftari la historia ya injini, nimeisoma ukurasa kwa ukurasa wiki 2. Na kura ilipigwa, 11 kwa 7, minitsi ziko.

Siku ya kuichukua, watu 19 walisema watakuja kago pale uwanja wa ndege wa JKIA Jumamosi saa 2 asubuhi. Tulifika 4. Wanne! Wakala akatukalisha mpaka saa 9 kwa ajili ya karatasi moja, tukapanda kenta, Eastern Bypass polepole, Ruiru tukafika giza linaingia. Injini peke yake inapita kilo 110, bado kreti, na wenzangu wakataka tuiteremshe kwa kuitelezesha juu ya mbao. Nilikataa, nikakodi winchi ya gereji jirani kwa 6,000, na hizo ndizo pesa mnazonilaumia. Cheni niliifunga mimi mwenyewe kwenye kile kikuku cha juu, sio kwenye mabomba wala flanji inayofungwa propela, maana flanji ikipinda kidogo tu krenkshafti, shafti kuu ya injini, imeenda. Ikashuka taratibu mpaka juu ya tairi kuukuu. Kijana mmoja akataka kuizungusha aone kama ni laini nikamshika mkono, kwa sababu silinda zina mafuta ya kuhifadhia, ukizungusha unayapangusa na kutu inaingia.

Pesa: iliingia 2,140,000, injini na usafiri na ushuru vimekula 1,960,000. Wanachama tuko 31, na 14 hawajalipa ada ya mwaka, hiyo ni 168,000 imelala mifukoni mwenu. Imeniuma, maana baadhi yao ndio wanaouliza sana habari ya winchi.

Mwaka ujao Mungu akipenda tutaifunga kwenye mwili wa ndege, propela tutaitafuta, na watu wa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, tutawaita waje wakague. Kwa sasa iko karakana chini ya turubai, ufunguo ninao mimi, Jumamosi nafungua saa 3. Njooni muione.