Jiwe la kizingitini

Liège, 17 Januari 2022

Mama mpendwa,

Jambo sana. Sisi huku tuko wazima kwa neema ya Mungu, baridi tu ndiyo inatusumbua.

Leo imetimia miaka 20 tangu volkano ya Nyiragongo ishuke mjini Goma. Nimeamka saa kumi usiku, usingizi umekataa, nimekaa jikoni nikikumbuka mambo ambayo sijawahi kukuambia.

Unakumbuka ulivyopasua kikwembe chako cha kanisani? Ulitoa vipande vinne ukatufunga mikono, mimi na yaya, mkubwa wetu, yaya na wadogo zetu, na cha mwisho ukakifunga kiunoni mwako. Barabara ya Gisenyi ilijaa watu, magodoro vichwani, mbuzi, chukudu zile za mbao za kusukumia mizigo, na anga nyekundu nyuma yetu. Kila penye msongamano ulikivuta kile kitambaa ukatuita kwa majina. Nilikuwa na miaka 9, mkono unaniuma, nikakukasirikia.

Nilikukasirikia zaidi siku tuliporudi. Mtaa wa Birere ulikuwa umefunikwa, kanisa kuu la Saint-Joseph limeteketea, na pale penye nyumba yetu kulikuwa na mwamba mweusi unaofuka moshi. Soli za sandali zangu zililainika juu yake. Wewe ukasimama, ukatuhesabu, mmoja, wawili, watatu, wanne, ukasema: “Aksanti, Bwana.” Moyoni nikajiuliza, anashukuru nini? Sufuria ya maharagwe tuliyoiacha motoni, daftari zangu, kitanda alichokitengeneza Papa kabla hajatuacha, vyote viko chini ya jiwe! Nikaona haya mbele ya majirani. Nisamehe, Mama.

Mwaka jana, ile Jumamosi ya Mei 22 Nyiragongo iliposhuka tena, nilikuwa na simu mkononi na hakuna aliyepatikana. Nyumba sikuiwaza hata mara moja. Nilikuwa nataja majina yenu moja moja, nikirudia tangu mwanzo. Yaya alipojibu kwamba mko wote pamoja njiani, neno lililonitoka lilikuwa lako lile lile. Habari kwamba moto umesimama Buhene, karibu na kiwanja cha ndege, niliipata baadaye, nami nilikuwa nimekwisha kupiga magoti.

Na yale mawe. Yaya aliazima nyundo na chukudu, mkavunja jiwe lile lile lililotuunguzia nyumba, mkajengea msingi. Mimi nilibeba kokoto nikilia malengelenge. Ulisema: “Pesa ya matofali Mungu hakutupa, lakini mawe ametuletea mpaka mlangoni.” Nilidhani unatubembeleza tu. Oktoba iliyopita, ghala nililokuwa nafanyia kazi lilipofungwa, nilikaa wiki mbili bila kutaka kuonana na mtu. Kisha nikaikumbuka ile sauti ya nyundo, nikaenda kuomba kazi ya kusafisha ofisi usiku, ambayo kwanza nilikuwa naidharau. Nimeanza, Mama. Inatulisha, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake kila ninaposhika ufagio.

Nimemtumia yaya kidogo kwa ajili ya mabati. Anunue na samaki wadogo, sambaza, mle vizuri Jumapili.

Mjukuu wako, mwenye miaka 4, haamini kwamba watu wanaweza kujenga kwa moto uliopoa. Mwambie yaya apige picha ya lile jiwe la kizingitini, lenye matundu, ulilokuwa unanolea kisu. Mlifagie kwanza, alione vizuri.

Mtoto wako wa pili