Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale

Yah: Ombi la kuuweka mji wa udongo wa Kilwa kwenye ramani

Ndugu Mkurugenzi,

Naongoza wageni Kilwa Kisiwani. Nikishawaonyesha magofu ya Msikiti Mkuu, jumba la Husuni Kubwa na ngome iitwayo Gereza, huwaambia kwamba Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyefika hapa mwaka 1331, aliandika kuwa nyumba za mji huu ni za miti, zimeezekwa matete. Mgeni huuliza ziko wapi. Namwambia tumesimama juu yake.

Hizo ndizo zinazopotea. Ukuta wa mawe hujitetea wenyewe. Sakafu ya udongo haina wa kuisemea. Nimeshuhudia mtu akichimba msingi, jembe likitoa vigae vya vyungu na shanga. Sikumlaumu: hakuna aliyewahi kumwonyesha ramani inayosema hapa pana kitu.

Na kujua kunawezekana. Kwa jirani zetu wa kisiwa cha Songo Mnara, wanaakiolojia walipima maeneo ya wazi kwa vifaa vinavyosoma usumaku wa udongo, wakapata dalili za nyumba za udongo pasipo na gofu hata moja. Vipimo kama hivyo vikiingizwa kwenye mfumo wa taarifa za kijiografia, yaani ramani ya kompyuta, kila kitu hukaa kwenye latitudo na longitudo yake, tabaka juu ya tabaka: mahali alipochimba mwanaakiolojia Neville Chittick miaka ya 1960, visima, makaburi, vigae vilivyotapakaa, na viwanja vya leo.

Tabaka ninalolitamani kuliko yote ni la ufuo. Magofu yetu yalikaa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014, na bahari haijaacha kula. Picha za setilaiti za miaka mbalimbali zikipangwa juu ya ramani moja, tutajua maji yamesogea mita ngapi na mikoko ipandwe wapi kwanza.

Naomba ramani hiyo itengenezwe, nakala ziwe kwa ofisa ardhi wa wilaya na kwa serikali ya kijiji kabla kiwanja kingine hakijapimwa. Mahali pa makaburi pasitangazwe, tusije tukawaelekeza wachimba hazina. Programu ya kompyuta ya kutengenezea ramani kama hiyo, QGIS, ni ya bure. Vijana wenye simu zenye GPS tupo, na wazee wanaojua kila kisima kwa jina lake bado wako hai. Tuanze nao msimu huu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwongoza watalii, Kilwa