Somo yangu, sijanuna

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Baada ya salamu nijibu mashtaka. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, dakika nne nzima: umeniita mpotevu, ukaniita mwenye maringo, mwisho ukauliza kama nimeolewa kwa siri. Sijaolewa, na wala sijanuna. Nimefuta zile programu mbili za mitandao ya kijamii kwenye simu, huu ni mwezi wa tano sasa tangu nizifute. Wenzetu wengi hawajagundua hata kama sipo, kwa hiyo nimefurahi kugombezwa.

Sababu ni Mwalimu wetu wa shule. Alipofariki, wewe uliandika usiku uleule kutoka Mombasa, ukaweka na ile picha yetu ya darasa la saba, yeye katikati na kanzu yake yenye doa la wino. Maandishi yako yalinifikia siku ya tisa. Siku ya tisa, somo! Mimi niliye Tanga, ambaye kutoka kwangu hadi kwa Mwalimu ni mwendo wa robo saa kwa baiskeli, nilifika nikakuta matanga yameshaanuliwa, mjane ananiuliza kama nilikuwa safarini. Sikuwa na la kumjibu. Niliporudi nikahesabu siku. Usiku ule ulioandika nilikuwa macho, simu mkononi, natazama harusi ya watu nisiowajua, bibi harusi anabadilisha nguo ya nne.

Hakuna mtu aliyekaa akaamua kunificha tanzia. Mashine ya ule mtandao ilishaona kwamba harusi hunishika, ikaniletea harusi, na maneno yako ikayaweka chini ya rundo. Ila mimi siku niliyobonyeza kukufuata niliomba kukusikia wewe. Bibi harusi sikumwomba.

Basi nikakumbuka enzi zetu za kafe za intaneti, tunakaa wawili kwenye kiti kimoja ili tulipie nusu saa moja. Tulianza kwenye blogu ya Michuzi kutazama picha za mjini, kisha wewe ukanivuta kwenye Jikomboe ya Ndesanjo Macha, aliyekuwa akiblogu kwa Kiswahili wakati mimi bado nadhani kompyuta haijui Kiswahili. Yeye blogu aliziita magazeti tando, jina ambalo mpaka leo naliona zuri kuliko hili tulilobaki nalo. Tulijua nani kaandika, tukaenda kwake, tukamsoma, tukatoka. Baadaye nikaonyeshwa Google Reader, iliyokuwa ikinikusanyia blogu zote mahali pamoja. Ilipofungwa, tarehe 1 Julai 2013, sikutafuta nyingine. Kila mtu alikuwa anahamia kwenye mitandao ya kijamii, nami nikabeba virago.

Nilichofanya sasa ni kurudi kule. Niache nikueleze kidogo, wewe uliyekuwa unanifundisha mimi.

Karibu kila blogu, hata zile zilizolala, huwa na anwani ya pembeni inayoitwa mlisho. Ni faili tu la maandishi: kichwa cha habari, tarehe, kiungo, mara nyingi na makala yenyewe. Mwandishi akichapisha kitu, faili linajiandika upya. Programu ya kusomea inapita kwenye anwani ulizoipa, moja baada ya nyingine, ikuletee kilichoongezeka. Blogu zilizotengenezwa kwa WordPress aghalabu ukiweka /feed mwisho wa anwani umeupata mlisho. Zile podikasti unazosikiliza ukikaanga viazi zinakufikia kwa njia hiyohiyo, ulikuwa hujui tu. Ufundi wenyewe unaitwa RSS na umeanza mwaka 1999. Katika walioandika toleo la 1.0, la mwaka 2000, alikuwamo kijana wa Marekani mwenye miaka 14, Aaron Swartz. Niliwaambia wanafunzi wangu wa kidato cha pili, wakanyamaza kidogo, kisha mmoja akauliza alilipwa shilingi ngapi.

Kwenye simu yangu nimeweka programu ya kusomea iitwayo Feeder, ya bure, haikuulizi jina wala namba. Wewe mwenye iPhone chukua NetNewsWire. Orodha yako unaweza kuitoa yote kama faili moja, ukaihamishia kwenye programu nyingine siku hii ikikuchosha, ndiyo maana safari hii siogopi kufungiwa mlango.

Nina anwani 31. Baada ya sala ya alfajiri naiacha ipakue, maandishi matupu hayali bando, halafu nasoma maji yakichemka. La zamani liko chini, jipya liko juu. Na linalonifurahisha kuliko yote, somo, ni kwamba yanakwisha! Nikifika mwisho nakuta hakuna kipya, naweka simu, naenda zangu shule. Siku za kwanza nilikuwa nafungua tena na tena nikidhani imeharibika.

Nisikudanganye kwamba ni pepo. Kati ya hizo 31, kama kumi hazijaandika kitu tangu 2018, mwaka ule serikali ilipotoa kanuni za maudhui ya mtandaoni na leseni ya blogu ikafika zaidi ya shilingi milioni mbili. Mtu anayeandika habari za mchicha na kuku wake atazitoa wapi? Wengine waliacha kwa kuchoka tu, na wengine blogu zao siku hizi ni taarifa za mikutano zilizonakiliwa neno kwa neno. Hizo za mwisho nimezitoa. Zilizonyamaza nimeziacha, hazili chochote. Mwezi uliopita moja iliamka baada ya miaka sita, mwandishi kaeleza alivyochimba kisima, aya nne na picha moja iliyopinda. Nilicheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu.

Umbea nimeukosa, nakiri. Nani kaachwa, nani kajenga, nazisikia wiki mbili nyuma, tena kwa dada yangu ambaye huongeza chumvi. Na WhatsApp sijafuta, maana shule, vikoba na misiba yote iko humo. Tangu yule Mwalimu nimewaomba watu wawili watatu wanipigie simu kukitokea kifo, na wananipigia.

Sasa shida yangu kwako. Ile akaunti yako iliyoibwa mwaka 2019 ilikwenda na vitu ambavyo mimi bado navitafuta: kisa cha bibi yako na jahazi la Pangani, mkate wa mofa, namna ya kumjua samaki aliyelala kwenye barafu. Nilikuwa navisomea wenzangu ofisini. Ukaanza akaunti mpya, na sasa unaandika mistari miwili chini ya picha kwa sababu unasema mirefu haisomwi na laiki hazipatikani. Mimi nilikuwa naisoma. Fungua blogu ya bure, uandike marefu upendavyo, hata mara moja kwa miezi mitatu, nitaipata asubuhi yake bila kuomba ruhusa ya mtu.

Uanze na mkate wa sinia. Wangu wa Ramadhani iliyopita haukuumuka kabisa, watoto wa kaka wakaugeuza gurudumu, na nina hakika kipimo cha hamira ulichonitajia kwenye simu nilikisikia vibaya. Andika kwa vijiko, usiandike kwa "kiasi".

Msalimie mama mkwe. Mwambie kanga nimeipata, ila jina lake sijalielewa, nashuku ananisema.

Mimi somo yako,
asiyenuna